Safari ya karavani katika miji midogo ya Outback, Queensland: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Brisbane, Australia, na familia yangu, na tumeshaenda magharibi na karavani mara nne. Kila tunaporudi naulizwa maswali yale yale: msikitini, kwenye harusi, na kwenye simu za ndugu wa Tanga na Mombasa wanaotaka kuja kutembea. Nimeyaweka hapa pamoja. Majibu yanahusu zaidi jimbo la Queensland, kwa kuwa ndiko ninakokujua. Sheria za majimbo mengine hutofautiana kidogo, na pale tofauti inapokuwa kubwa nimesema.

## Mambo ya mwanzo

Karavani ni nini hasa, na ina tofauti gani na kempavani?

Karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu isiyo na injini, inayofungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, friji, sinki, na mara nyingi choo na bafu. Ukifika mjini unaifungua na kuiacha kambini, gari linabaki huru kwenda dukani au kwenye makumbusho.

Kempavani ina injini na kitanda humo humo. Inawafaa watu wawili, lakini kila mkitaka maziwa lazima mkunje vitu vyote muondoke na nyumba nzima. Kwa familia yenye watoto nashauri karavani.

Outback ni wapi?

Hakuna mpaka wala kibao. Waaustralia huita hivyo sehemu kubwa ya ndani ya bara lao, mbali na ukanda wa pwani wanakoishi watu wengi. Mtu wa Mrima angeiita nyika: nchi kavu, ya ng'ombe na kondoo, mji mmoja na mwingine umepishana kilomita mia.

Lakini nyika hii haikuwa tupu hata siku moja. Charleville iko katika ardhi ya watu wa Bidjara, Barcaldine na Longreach katika ardhi ya Iningai. Utakuta majina hayo kwenye vibao vya kuingilia miji. Wafundishe watoto kuyasoma.

Kwa anayeanza, njia ipi ni nzuri?

Toka Brisbane, panda Toowoomba, nenda Roma, Mitchell, Morven, kisha Charleville. Hapo geuka kaskazini: Augathella, Tambo, Blackall, Barcaldine, Longreach, Winton. Nguvu zikiwapo, malizia Cloncurry. Yote ni lami, na kila mji una mafuta na pa kulala.

Kwa makadirio, Brisbane hadi Charleville ni kilomita 745. Charleville hadi Tambo ni 200, Tambo hadi Blackall 100, Blackall hadi Barcaldine 107, Barcaldine hadi Longreach 107 tena, na Longreach hadi Winton 180. Winton hadi Cloncurry ndiyo sehemu ndefu, karibu 350, na njiani kuna vijiji viwili tu, Kynuna na McKinlay.

Mlima wa Toowoomba huwatisha wanaovuta kwa mara ya kwanza. Tangu 2019 kuna barabara ya kulipia inayouzunguka mji, yenye mwinuko wa taratibu kuliko ile ya zamani. Ilipe. Injini yako itakushukuru.

Tutahitaji siku ngapi?

Kwenda Longreach na kurudi Brisbane, siku 14 zisipungue. Wengi hujipangia kilomita 600 kwa siku kwa sababu ndivyo wanavyoendesha gari tupu. Ukiwa na karavani, 250 hadi 350 zinatosha: unaondoka saa mbili asubuhi, unafika saa nane mchana, na jua likiwa bado juu unapata muda wa kuuona mji wenyewe. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote kwenye ukurasa huu. Nimeona familia zikiwapitisha watoto Blackall kwa dakika kumi za choo na soda ili ziwahi Longreach. Wamekwenda mbali na hawakufika popote.

Tuende mwezi gani?

Mwisho wa Aprili hadi Septemba. Huo ndio wakati wa baridi huku, mchana ni wa kupendeza na mbingu ni za buluu tupu. Usiku, hasa Juni na Julai, joto hushuka hadi karibu na sifuri, kwa hiyo beba mablanketi mazito. Watu wanaotoka kwetu hawaamini mpaka waamke na kukuta barafu nyembamba kwenye kioo cha gari.

Desemba hadi Februari usiende. Joto hupita nyuzi 40 siku nyingi mfululizo, makumbusho kadhaa hupunguza saa za kufungua, na kaskazini zaidi mvua hufunga barabara. Likizo za shule za Juni na Septemba kambi hujaa, basi weka nafasi mapema.

## Leseni, gari na uzito

Leseni ya gari dogo inatosha?

Ndiyo. Leseni ya kawaida ya gari inakuruhusu kuvuta karavani za ukubwa wa familia. Anayekuja kutembea anaweza kutumia leseni ya kwao ikiwa bado ni halali, na kama haikuandikwa kwa Kiingereza abebe tafsiri rasmi. Wa Kenya, Tanzania na Uganda wataona nafuu, kwani tunaendesha kushoto kama kwao. Wanaotoka Kongo, Burundi na Rwanda wajifunze kwanza mjini bila karavani. Kosa la upande huja asubuhi, unapotoka kambini na barabara haina gari lingine la kukukumbusha.

Nitajuaje kama gari langu linaweza kuvuta?

Soma kitabu cha gari, usimsikilize muuzaji. Kuna namba tatu za kutafuta: uzito wa juu ambao gari linaruhusiwa kuvuta, uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa na watu na mizigo, na uzito wa juu wa gari na karavani kwa pamoja. Karavani nayo ina kibati chenye herufi ATM, yaani uzito wa mwisho unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa.

Shida huwa kwenye namba ya tatu. Gari linaweza kutangazwa kuwa linavuta tani tatu na nusu, lakini ukiweka watoto wanne, mafuta tangi zima na boksi la juu, jumla inapita kiwango. Bima inaweza kukataa kulipa ikigundulika mmezidisha. Kabla ya safari ya kwanza pelekeni gari na karavani kwenye mizani ya malori mkapime vyote vikiwa vimepakiwa kama siku ya kuondoka, watu wakiwa ndani ya gari. Sisi tulipopima tulikuta tumezidi kilo 140. Tukashusha jenereta, baiskeli mbili, na kreti la vyombo ambavyo hatukuvikumbuka tena mpaka tuliporudi.

Kuhusu breki: karavani iliyopita kilo 750 lazima iwe na breki zake yenyewe, na iliyopita kilo 2,000 iwe na breki kwenye magurudumu yote pamoja na kifaa cha kuikamata yenyewe endapo itachomoka.

Mizigo ipangwe vipi?

Vizito viwekwe chini, katikati, juu ya ekseli. Vyepesi ndivyo vikae juu na mwisho. Uzito unaokalia ndoano ya gari uwe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa karavani. Ukiwa mdogo mno, yaani mizigo yote iko nyuma, karavani huanza kutikisa mkia kama samaki ukifika mwendo wa kasi.

Ikianza kutikisa, usikanyage breki na usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, kisha bonyeza kwa mkono swichi ya breki za karavani peke yake. Mwoneshe pia atakayekaa kando yako swichi hiyo iko wapi.

Nikodi au ninunue?

Kwa mara ya kwanza, kodi. Siku ya kuchukua, omba kila kitu kiwashwe mbele yako: friji kwa umeme, friji kwa gesi, pampu ya maji, taa za nyuma. Karavani tuliyokodi safari yetu ya kwanza friji yake ilikuwa haipoi kwa gesi, na tuligundua usiku wa pili nje ya Roma, nyama ikiwa tayari imelainika. Uliza pia kama mkataba unakuruhusu kutoka nje ya lami. Mingi hairuhusu.

Watoto wanaweza kulala ndani ya karavani tunapokwenda?

Hapana, hata kwa kilomita moja. Ni kinyume cha sheria Australia nzima. Ndani hamna mikanda, na ukuta wake ni mwembamba. Watoto wakae kwenye gari, kila mmoja kwenye kiti cha umri wake.

## Barabarani

Yale malori marefu hupitwaje?

Mara nyingi hutayapita, yatakupita wewe. Huko magharibi lori moja huburuta matela mawili au matatu, na urefu wote unaweza kufika mita 53.5. Kulipita unahitaji zaidi ya kilomita moja ya barabara iliyonyooka na isiyo na gari mbele. Ukiwa na karavani, bora usubiri mji unaofuata ukanywe chai.

Likikujia kwa nyuma, kaa upande wako, usitetereke, na usipunguze mwendo ghafla. Dereva ameshakuona na anapanga. Akianza kukupita ndipo punguza kidogo umpe nafasi. Utahisi upepo ukiisukuma karavani pembeni, halafu ukiivuta kuelekea lori. Shika usukani tu, itapita. Kwenye barabara nyembamba yenye lami ya gari moja, lori likija kwa mbele, toka nje kabisa usimame uliachie lami yote. Likitoka lenyewe, mawe yatakayoruka yatavunja kioo chako.

Nunua redio ya UHF, ile ya kuongea na madereva wengine. Malori husikiliza chaneli ya 40, wenye karavani wengi ya 18, na chaneli za 5 na 35 ni za dharura tu. Mara nyingi dereva wa lori atakuuliza kwa upole kama mbele yako ni kweupe. Mjibu kwa maneno machache yaliyo wazi.

Ni kweli kangaruu huruka barabarani?

Ni kweli, hasa alfajiri na magharibi. Ndiyo sababu nyingine ya kufika saa nane mchana (tazama swali la idadi ya siku). Baada ya jua kuzama usitembee. Mchana kuna emu (ndege mkubwa kama mbuni), ng'ombe wasio na uzio, na tai wakubwa wanaokula mizoga. Tai akishiba ni mzito kuruka na huruka kwa kuchelewa, kwa hiyo ukiona mzoga mbele punguza mwendo mapema. Mnyama akikatiza, funga breki ukiwa umenyooka. Wengi wamekufa kwa kukata kona kumkwepa.

Mafuta yatatosha?

Kwenye njia niliyoitaja, ndiyo, ukijaza kila tangi linapofika nusu. Gari letu la dizeli likiwa peke yake hutumia lita 10 kwa kilomita 100. Likivuta hufika 17, na upepo wa mbele ukiwapo hata 19. Hesabu kwa namba ya kuvuta. Baadhi ya vituo vidogo hufunga jioni na Jumapili, basi usifike usiku na tangi tupu.

Uchovu je?

Simama kila baada ya saa mbili. Misimu ya likizo kuna vituo vya pembeni vya Driver Reviver, ambako watu wa kujitolea wa mji husika hukupa chai au kahawa bure pamoja na biskuti. Na katika sehemu ndefu za Queensland utakuta vibao vya chemsha bongo: kibao kimoja kinauliza swali, jibu liko kilomita kadhaa mbele. Watoto wetu huyangoja.

Sijui kurudi nyuma na karavani. Nifanye nini?

Kabla ya safari, nenda kwenye uwanja mtupu Jumapili asubuhi. Shika usukani sehemu ya chini kabisa. Sasa mkono ukienda kulia, karavani inakwenda kulia. Ukienda kushoto, inakwenda kushoto. Fanya kidogo kidogo, polepole kama mtu anayesukuma mkokoteni wenye mayai.

Ukifika kambini, watu watasimama kukuangalia. Hawana nia mbaya. Nilipokwama kwa mara ya tatu Tambo, mzee wa karavani ya jirani, mwenye kaptura na soksi ndefu, aliweka chini kikombe chake, akaja nyuma akasimama ninapomwona kwenye kioo, akaniongoza kwa viganja viwili tu bila kusema neno. Kisha akarudi kwenye chai yake. Wengi wa wasafiri hawa ni wastaafu wanaozunguka nchi kwa miezi, na kila mmoja wao aliwahi kukwama.

## Miji yenyewe

Huko kuna nini cha kuona? Si jangwa tu?

Swali hili huniuma, kwa hiyo jibu ni refu.

Roma ina mnada wa ng'ombe unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote kusini mwa dunia. Mnada hufanyika Jumanne na Alhamisi, na unaweza kusimama juu ya njia ya mbao ukawatazama madalali wakitembea kutoka zizi moja hadi jingine wakipiga bei kwa kasi ambayo hata aliyezaliwa na Kiingereza hupotea. Mchukue mzee yeyote aliyewahi kufuga, atasahau chakula cha mchana. Mitaa ya Roma ina miti yenye shina nene kama chupa, iliyopandwa kuanzia 1918 kwa ajili ya vijana wa mji waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi wetu tukiiona husema "mbuyu!" Si mbuyu, ni mti wa aina nyingine. Mbuyu wa Australia upo, ndugu wa kweli wa mbuyu wetu, ila unaota Kimberley, mbali sana kaskazini-magharibi.

Mitchell ina mabwawa mawili ya kuogea wazi, moja la maji moto ya ardhini na jingine la baridi. Baada ya siku ya kuendesha, hakuna dawa ya mgongo iliyo bora kuliko hiyo.

Charleville ina kituo cha kutazama nyota, na usiku wa huko hauhitaji mtu kukusifia. Ina pia kituo cha kuwahifadhi bilbi, mnyama mdogo mwenye masikio ya sungura aliyekaribia kutoweka. Na kuna mizinga ya chuma yenye umbo la faneli iliyofyatuliwa mwaka 1902, ukame ukiwa umeua mifugo, kwa matumaini ya kuyapasua mawingu yalete mvua. Mvua haikuja. Nilipokuwa nimesimama mbele yake nilifikiria jinsi mji mzima ulivyokusanyika siku ile ukitazama juu.

Tambo ni mji mdogo sana, una duka linaloshona wanasesere wa dubu kwa ngozi za kondoo. Kazi hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei ya sufu ilipoporomoka na wanawake wa mji wakatafuta namna ya kuwazuia watu wasihame.

Blackall kuna sanamu ya Jackie Howe, ambaye mwaka 1892, kwenye shamba la Alice Downs karibu na hapo, alikata sufu ya kondoo 321 kwa saa 7 na dakika 40, kwa mkasi wa mkono. Hebu piga hesabu: chini ya dakika moja na nusu kwa kondoo mmoja. Nje kidogo ya mji kuna kiwanda cha kuoshea sufu cha 1908 kilichoendeshwa kwa mvuke, na mitambo yake bado imesimama mahali pake.

Barcaldine ni mji wa wafanyakazi. Mwaka 1891 wakata sufu waligoma, wakakusanyika chini ya mti mmoja mbele ya stesheni ya reli, na mgomo huo unahesabiwa miongoni mwa mizizi ya chama cha siasa cha Labor. Mwaka 2006 mtu asiyejulikana aliumwagia mti ule sumu ukafa. Mwaka 2009 shina lake liliwekwa chini ya paa kubwa lenye maelfu ya vipande vya mbao vinavyoning'inia, na upepo ukipita vinagongana kwa sauti ya chini. Nenda usiku, taa zikiwa zimewashwa.

Longreach watu huenda kwa ajili ya makumbusho ya Qantas, shirika la ndege lililoanza huku nyikani mwaka 1920, na kwa ukumbi wa historia ya wachunga ng'ombe uliofunguliwa 1988. Vyote viwili ni vizuri na vinajulikana, siongezi.

Winton ni dinosaria. Mwaka 1999 mfugaji mmoja aliokota mfupa mkubwa shambani kwake, na kutokana na mfupa huo limekuja jumba la makumbusho juu ya kilima nje ya mji. Wageni huruhusiwa kuingia chumba ambamo mifupa husafishwa chembe kwa chembe. Mimi ni wa Tanzania, na pale nilisimama muda mrefu. Mifupa ya Tendaguru, Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, na huko ndiko iliko mpaka leo. Ya Winton imebaki Winton, na mji wa watu wasiofika elfu mbili unaishi kwa ajili yake.

Cloncurry kuna nini, tukiamua kufika?

Tarehe 17 Mei 1928 ndege ya kwanza ya huduma ya madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege iliondoka hapo, na mjini kuna jumba la kumbukumbu la mwanzilishi wake, John Flynn. Wakenya mtaikumbuka Amref ya Nairobi, iliyoanza kwa wazo linalofanana mwaka 1957.

Jambo la pili wengi hulipita. Kabla ya reli na malori, mizigo ya nyika hii ilibebwa na ngamia, na waongoza ngamia wengi walikuwa Waislamu kutoka nchi ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India. Cloncurry walikuwa na jamii yao, na makaburini kuna sehemu yao. Tulisimama pale tukawasomea Fatiha.

Tuishi vipi na wenyeji? Watatutazama?

Watakutazama, kisha watakusalimu. Barabarani dereva anayekuja huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Nawe inua. Dukani utaulizwa unatoka wapi, na ukisema Tanzania utaulizwa tena. Sijatukanwa katika safari zote nne. Mara moja tulihudumiwa kwa ubaridi mahali fulani, tukalipa tukaondoka. Hospitali nyingi za miji hii zina wauguzi na madaktari waliotoka nje, hivyo sura ngeni si jambo jipya tena.

Nunua kwao. Mkate, mafuta, hata betri za tochi, lipa ghali kidogo lakini nunua hapo hapo. Duka la mji wa watu mia nne likifungwa, halifunguliwi tena.

## Kulala, maji na choo

Tunalala wapi?

Kuna kambi za kulipia zenye umeme, maji, bafu na mashine za kufulia. Kuna viwanja vya maonesho vya mji vyenye bei nafuu. Na kuna mapumziko ya pembeni mwa barabara, ambako Queensland huruhusu usimame kwa muda usiozidi saa 20, pale ambapo hakuna kibao kinachokataza. Sisi huchanganya: siku mbili bure, siku ya tatu ya kulipia tufue na kuchaji.

Waya wa umeme wa karavani ni wa ampea 15 na pini yake ya chini ni pana. Haiingii kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani. Usiikate wala kuipiga msasa iingie, inaweza kuchoma nyaya.

Maji ya bomba huko ni salama? Mbona yananuka?

Miji mingi hunywa maji ya visima virefu kutoka bonde la maji la chini ya ardhi lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 1.7, kubwa kuliko Kenya na Tanzania zikiunganishwa. Huko Blackall hutoka ardhini yakiwa ya moto sana. Ukifungua bomba asubuhi unapata harufu ya yai lililochemshwa. Ni salfa. Teka kwenye sufuria, iache wazi saa moja au mbili, harufu inaondoka na chai inakuwa ya kawaida. Ila kwenye kambi, bomba lililoandikwa kuwa si la kunywa usilijaribu.

Sisi watano hubeba madumu mawili ya lita 20 ya kunywa, mbali na matangi ya karavani. Kumbuka lita moja ni kilo moja (tazama swali la uzito).

Choo tunamwaga wapi?

Karavani nyingi zina choo cha kaseti: kisanduku kinachochomolewa kwa nje kama droo. Karibu kila mji una sehemu maalumu ya kumwagia yenye bomba la kusuuzia. Usimwage porini wala kwenye vyoo vya umma. Vaa glavu, mwaga kila siku ya pili, na kazi itakwisha kwa dakika tano.

## Chakula na ibada

Tutapata chakula cha halali? Na unga wa ugali?

Nunua Brisbane. Moorooka kuna maduka ya Kiafrika yenye sembe, maharage na mawese. Nyama ya halali gandisha katika pakiti za mlo mmoja mmoja, zikilazwa bapa friza inachukua nyingi. Zikiisha, samaki wa kopo, mayai na dengu zipo kila duka. Unga ufunge kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Tuliwahi kupita kilomita 30 za vumbi dirisha la juu la karavani likiwa limeachwa wazi kidole kimoja, na tulipofika unga, shuka na mito vilikuwa rangi ya matofali.

Tunasalije?

Toowoomba kuna msikiti. Baada ya hapo tumekuwa tukisali wenyewe kambini, kwa kukusanya na kupunguza kama wasafiri. Kibla kutoka huku ni magharibi, ukielekea kidogo kaskazini. Tandika mkeka upande wa kivuli wa karavani. Tuliwahi kuulizwa na jirani kama tunahitaji aizime redio yake.

## Hali zisizo za kawaida

Simu ikikosa mtandao?

Nje ya miji itakosa, mara nyingi kwa saa nzima. Kampuni ya simu ya Telstra ndiyo inayofika mbali zaidi, basi angalau simu moja iwe na laini yake. Pakua ramani mapema. Kwa njia za vumbi beba kifaa cha setilaiti cha kuita msaada. Dharura ni 000. Gari likiharibika, kaeni karibu nalo: gari huonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani.

Maji yakivuka barabara?

Usivuke, hata yakionekana ya magotini. Karavani huelea na kulivuta gari. Rudi mji uliopita usubiri, hata siku tatu. Hali ya barabara za Queensland huulizwa kwa simu 13 19 40.

Mtu akiumwa na nyoka?

Asitembee. Usikate wala kunyonya wala kuosha jeraha. Funga bandeji pana yenye kubana kuanzia mahali palipoumwa hadi kiungo chote, kizuie kisisogee kwa kijiti, piga 000. Beba bandeji tatu za aina hiyo, zikae mlangoni na zisifukiwe chini ya nguo.

Tukivuka kwenda majimbo mengine?

South Australia na Western Australia hukagua matunda na mboga mpakani na kuvichukua, na wa magharibi huchukua hata asali. Kuleni kabla. Western Australia pia hairuhusu anayevuta karavani kupita kilomita 100 kwa saa, hata pale kibao kinaposema 110.

Mama amekuja kutembea, ana miaka sabini. Aende?

Aende, ila mpangie. Mgeni wa Tanzania au Kenya hana Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya huku, kwa hiyo mnunulie bima ya safari inayolipa hata kuhamishwa kwa ndege. Dawa zake zote ziwe kwenye gari, na orodha yake kwa Kiingereza. Apewe kitanda cha chini kilicho karibu na choo. Ngazi ya karavani huwa juu: tulimnunulia mama mkwe wangu kijingazi cha pili cha plastiki na kumfungia kishikio mlangoni. Siku ziwe fupi zaidi, kilomita 200.

Alipokuja alibeba leso zake mbili na blanketi letu zito akaliona la ziada mpaka usiku wa Charleville. Mitchell aliingia kwenye bwawa la maji moto na nguo yake ya stara, akakaa kati ya bibi wawili wa mji. Yeye hajui Kiingereza, nao hawajui Kiswahili. Tuliporudi kumchukua baada ya saa moja, mmoja wao alikuwa akimwonesha goti lake, na mama naye akimwonesha lake.